Choya haiongezi damu

Mjamzito anapimwa, damu gramu 8, yaani pungufu. Ukimuuliza vidonge vya FEFO (vya madini ya chuma na folic acid), anasema vinamtia kichefuchefu, kaviweka kabatini, lakini usiwe na wasiwasi dada, nakunywa juisi ya choya asubuhi na jioni. Bibi kaleta mjukuu mwenye seli mundu, naye wiki nzima amekuwa akinyweshwa choya. Kijana katoka kuchangia damu, rafiki zake wameshamwandalia jagi. Mimi ni mtu wa lishe, juisi hii naipenda na nyumbani kwangu haikosekani. Ila kazi ya kuongeza damu tunayoipa siyo yake, na kuna watu wanaoumia kwa sababu hiyo.

Kinachowashawishi watu ni rangi. Wekundu wa choya (wengine mnaiita rosela) hutokana na anthosianini, kundi la rangi ambalo limo pia kwenye zambarau. Wekundu wa damu hutokana na hemoglobini, ambayo mwili huiunda kwa madini ya chuma na protini, huku folati na vitamini B12 zikihitajika kuzalisha chembe nyekundu zenyewe. Rangi hizi mbili hazina undugu wowote. Ingekuwa rangi ya kinywaji ndiyo inayohamia kwenye damu, wanywaji wa maziwa wangeshakuwa na damu nyeupe.

Hapo huja jibu la pili: "Lakini pakiti imeandikwa ina madini ya chuma." Inayo, sikatai. Tufanye hesabu basi. Kikombe kimoja hutiwa kijiko cha chakula cha choya kavu, gramu 2 au 3 hivi, na si chuma chote kinachotoka kwenye choya kuingia majini. Unachopata hakifiki miligramu 1. Mjamzito anahitaji takribani miligramu 27 kwa siku, na kidonge kimoja cha kuongeza damu kina kama miligramu 60. Utakunywa majagi mangapi kufidia kidonge ulichokiacha kabatini?

Tena hicho kidogo chenyewe hakiingii chote. Choya ina polifenoli, kemikali za mimea ambazo hushikana na chuma kinachotokana na mimea, kikapita tumboni bila kufyonzwa. Chai ya majani ndiyo kinara wa tabia hii, lakini choya nayo imo. Kwa hiyo anayekula mchicha na maharage ili aongeze damu, kisha akashushia glasi ya choya papo hapo, anajipunguzia alichokitafuta. Ukiniambia choya ina vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa, nitakujibu kwamba mbichi inayo. Ikishaanikwa juani siku kadhaa, ikakaa gunia miezi, kisha ikatokoswa nusu saa, kinachobaki ni kidogo, na polifenoli bado zipo.

"Mbona mimi nilikunywa damu ikapanda?" Swali zuri. Ulipoambiwa una upungufu wa damu kliniki, ulipewa pia vidonge, dawa ya minyoo, pengine na dawa ya malaria. Ukaanza kula vizuri kwa sababu uliogopa. Vyote hivyo vilifanya kazi kimyakimya, sifa ikapewa juisi kwa kuwa ndiyo yenye rangi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba choya humzuia mtu kuuliza damu inakwenda wapi. Anaweza kuwa na malaria inayojirudia, minyoo ya safura, hedhi nzito ya miaka, au mimba zilizofuatana bila mapumziko. Yule mtoto wa seli mundu, chembe zake nyekundu zinavunjika kabla ya wakati. Mara nyingi tatizo lake si ukosefu wa chuma, na kama ameongezewa damu mara kwa mara anaweza hata kuwa na chuma kupita kiasi. Anachohitaji ni kliniki yake, folic acid yake, na dawa ya hydroxyurea kama daktari ameona inafaa. Jagi la choya linamchelewesha tu.

Kingine, wajawazito tunaowasukumia choya kwa nguvu ndio hasa ambao usalama wake kwao haujathibitishwa. Panya waliopewa choya wakiwa na mimba walizaa watoto majike waliochelewa kubalehe. Mtu si panya, na sisemi glasi moja ya harusini itakudhuru, lakini jagi kila siku kwa miezi tisa simshauri mjamzito yeyote.

Ushauri wangu ni uleule, na wauguzi ninaofanya nao kazi wanaukariri kwa kunitania: FEFO meza usiku baada ya chakula kama inakuchefua, kwa maji au juisi ya chungwa. Dagaa, nyama, samaki mara kwa mara. Choya na chai zikae mbali na kidonge na mlo, kwa muda wa saa mbili hivi. Na kama damu ni chini ya gramu 7, usinisomee habari za juisi, nenda hospitali leo.

Sasa presha, maana huko choya ina haki yake kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda au imepanda kidogo, na hakuna aliyekuwa kwenye dawa. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita, presha ya juu ilishuka kwa wastani wa 7.2, waliokunywa kinywaji cha kulinganishia ilishuka kwa 1.3. Ni matokeo mazuri, tena kwa kinywaji cha bei ya chini. Lakini wewe mwenye 180 kwa 110, toa 7 uone unabaki na ngapi. Usiache dawa. Na kama unatumia dawa huku unakunywa choya kila siku, mwambie daktari, isije ikashuka kuliko ilivyokusudiwa.

"Ni chai ya maua, haina madhara kwa mwenye kisukari." Kwanza siyo ua. Ua la choya ni la njano hafifu au jeupe lenye kiini cheusi-chekundu, linanyauka na kudondoka. Tunachokausha ni lile ganda jekundu lenye nyama linalobaki limeshika tunda. Pili, choya ni chachu mno na kwa wengi bila sukari hainyweki. Mwenye kisukari asijali maua, ajali sukari iliyomwagwa jagini.

"Ikiwa nyekundu sana ndiyo bora." Au imetiwa rangi. Chota kidogo kwenye kikombe, tia chembe za magadi au bekingi soda. Choya halisi inageuka buluu-kijani mbele ya macho yako kwa sababu asidi yake imekufa. Iliyotiwa rangi ya dukani hubaki nyekundu kama ilivyo. Jaribio hili nalipenda kupita kiasi, nimeshawaharibia juisi watu wengi kwenye mabanda ya Saba Saba.

"Ichemke sana nguvu itoke." Inayotoka ni rangi na harufu, zinakwenda na mvuke na moto. Chemsha maji, epua, tia choya, funika dakika kumi. Basi. Tena usitumie sufuria ya alumini: choya ina asidi kali kama ya ndimu, inakwangua alumini ya sufuria na ladha unaisikia mdomoni. Tumia ya stenlesi, ya enameli au jagi la kioo. Wakati wa kukausha, anika kivulini penye upepo. Jua kali linaichujua.

Makapi ndiyo yanayoniuma, kwani kila nyumba inayatupa. Yasage na kitunguu saumu, pilipili, chumvi na tende mbili, utapata chatne ya bajia inayoshindana na ya ukwaju. Ukitaka jemu, tumia choya mbichi na sukari tu, kwa kuwa ina pektini yake na inaganda yenyewe. Majani pia ni mboga. Kinshasa huyaita ngai-ngai na huyapika na samaki, na uchachu wake unakata shombo. Na ukitaka kuonja choya kwenye maharage, iingie mwishoni yakishalainika, kwa sababu asidi ikitangulia utamaliza mkaa na maharage bado magumu.