Kwa nini vyura hutangulia kutoweka kabla ya kinyonga na mijusi?

Chura hanywi maji kwa kinywa. Mtazame kwa makini yule aliyeketi topeni kando ya Ziwa Kivu, hapa Bukavu: amejibana chini hata tumbo na mapaja yote yamelala juu ya udongo wenye maji, na ni kwa ngozi ya sehemu hiyo ndipo anapokunywa. Koo lake hupanda na kushuka bila kupumzika, kwa kuwa hana mbavu za kupanua kifua kama sisi na hulazimika kusukuma hewa kwa koo. Hata hivyo mapafu hayamtoshi. Ngozi nayo huvuta oksijeni, hutoa hewa chafu na kupitisha chumvi zinazohitajiwa na damu.

Ngozi hiyo ndiyo inayomponza. Kinyonga wa pembe tatu wa milima hii ya Kivu amevaa magamba makavu, na mayai yake yenye ganda huzikwa udongoni. Maji yakichafuka bondeni, habari hizo humfikia kwa kuchelewa. Mayai ya chura hayana ganda, yamefunikwa ute tu, na kiluwiluwi akitoka hawezi kuhama dimbwi lake mpaka aote miguu. Tathmini ya dunia iliyotolewa mwaka 2023, iliyohusu spishi zipatazo 8,000 za amfibia, yaani kundi la chura na jamaa zake, ilionyesha kwamba takriban asilimia 41 ziko hatarini kutoweka, ilhali ile ya reptilia, kundi la kinyonga na mijusi, ya mwaka 2022 ilipata asilimia 21. Reptilia nao wana taabu zao, hasa misitu inapokatwa, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Bukavu ni mji wa rasi na miteremko mikali, na ardhi tambarare ni adimu, kwa hiyo kinamasi huonekana kama kiwanja kinachosubiri kujazwa udongo. Mvua inaponyesha, sabuni, oili ya magari na matope ya vilimani huteremka moja kwa moja hadi pale mayai yalipotagwa. Tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na methali hiyo haimtendei haki, kwani wachunguzi hutembea usiku wakisikiliza kelele hizo hizo ili kujua ni spishi zipi zimebaki.

Lipo pia jambo lisiloonekana kwa macho. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza kuvu moja ya majini inayokula ngozi ya amfibia. Huifanya iwe nene, chumvi za damu hupungua, na mwishowe moyo husimama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 uliihusisha na kupungua kwa spishi zisizopungua 501, ambapo 90 kati yake zinadhaniwa kuwa zimekwisha kabisa. Kuvu hiyo hupenda ubaridi kuliko joto, na imekwisha kupatikana katika milima ya ukanda wetu huu wa Bonde la Ufa. Hilo linatia wasiwasi kwa sababu vyura wa milimani wengi wana makao finyu mno: yule wa majini mwenye kucha wa Itombwe, kusini mwa Bukavu, alielezwa kisayansi mwaka 2008 tu, na hana mlima mwingine wa kukimbilia.

Je, chura aliyepotea anaweza kurudishwa? Tanzania walijaribu kwa chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko pekee. Mradi wa umeme ulipochukua sehemu kubwa ya maji, wapatao 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000 kuzalishwa. Waliobaki walinyunyiziwa maji kwa mabomba, lakini kuvu ile ile ikaonekana miongoni mwao, na mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni kwao, kazi ndefu na ya gharama kubwa kwa kiumbe anayetosha juu ya kidole gumba. Kuacha kinamasi mahali pake ni rahisi zaidi.

Ndiyo maana mchunguzi makini, akitoka kinamasi kimoja kwenda kingine, husugua viatu vyake kwa dawa, na kwa kila chura anayemshika huvaa glavu mpya, maana mkono ukigusa ngozi hiyo ni kama umegusa pafu.