Kiwewe cha utotoni huamka kazini

Ni asubuhi katika banda la kufungashia maua, upande wa Naivasha. Supavaisa anapiga meza kwa kiganja. Hana nia mbaya: lori la kwenda uwanja wa ndege linangoja na oda haijakamilika. Wenzake wanaongeza kasi. Mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, anaganda. Makasi yamemponyoka, viganja vimelowa jasho, macho yameelekea mlangoni. Anaulizwa kuna nini, hajibu. Anaulizwa tena kwa sauti ya juu zaidi, anatoka nje bila ruhusa. Kabla ya chakula cha mchana ameandikiwa barua ya onyo, na kosa lililotajwa ni ukaidi.

Mwanamke huyu nimemuunga kutokana na wateja wengi waliopita katika chumba chetu cha ushauri nasaha hapa Nakuru, kwa sababu siri ya mteja haitolewi. Lakini kila kipande chake nimekiona. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Usiku mmoja mlango wa kwao uligongwa vivyo hivyo, kwa kiganja, mara tatu. Majuma yaliyofuata familia yake ililala hemani katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, pamoja na maelfu ya wengine waliofukuzwa makwao. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa mtu yeyote. Hata yeye mwenyewe hakujua kwamba meza ya kazini na mlango wa utotoni vina uhusiano, mpaka tulipokuwa tumekaa pamoja kwa wiki kadhaa.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wazee wetu walisema hivyo bila mashine ya kupiga picha ubongo, na walikuwa sahihi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kunusa hatari. Ikiinusa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hukimbia, misuli hukaza, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopima mambo na kutafuta maneno hupunguza kazi. Ndiyo maana mtu aliyeshtuka hivyo hajibu maswali. Hamdharau anayemuuliza. Kwa dakika hizo maneno hayapatikani.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Mtoto akishtuka kisha nyanya yake akamkumbatia, mwili hutulia na kujifunza kwamba hofu huja na kuondoka. Madhara makubwa huanza pale hofu inaporudi kila siku na hakuna mtu mzima wa kuituliza, na yanakuwa makubwa zaidi ikiwa huyo mtu mzima ndiye anayeogopwa. Hapo kengele ya ndani hujirekebisha ili ilie kwa sababu ndogo sana: hatua za viatu koridoni, harufu ya chang'aa, ukimya wa ghafla mezani. Kwa mtoto huo ulikuwa werevu, ulimsaidia kuishi. Miaka ishirini baadaye kengele ile ile inalia ofisini, na hakuna anayejua nani aliiweka.

Utafiti uliofungua macho ya wataalamu wengi ulifanyika San Diego, Marekani, ambako madaktari Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000, kati ya 1995 na 1997, kuhusu maisha yao kabla ya kufika miaka 18: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kutelekezwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa. Takriban theluthi mbili walikuwa wamepitia angalau jambo moja. Mmoja kati ya wanane alikuwa amepitia manne au zaidi. Ripoti ya kwanza, ya 1998, ilionyesha kwamba hatari ya ulevi, dawa za kulevya, unyogovu na kujaribu kujiua kwa waliopitia manne au zaidi ilikuwa mara 4 hadi 12 ukilinganisha na wasiopitia lolote. Na wengi wa waliohojiwa walikuwa watu wa tabaka la kati wenye bima ya afya.

Kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24. Asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliopigwa au kuumizwa mwili walikuwa asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume. Hao waliokuwa vijana mwaka ule sasa wamevuka miaka thelathini. Ndio walimu wetu, wauguzi wetu, makarani wa kaunti, madereva wa matatu, mameneja wa benki. Ukiingia katika ofisi yoyote kutoka Nakuru hadi Busia, umeingia kati yao.

Najua kuna msomaji atakayesema sote tulichapwa na tumekuwa watu. Samaki mkunje angali mbichi, ataniambia. Nami namjibu kwa heshima kwamba methali hiyo inazungumzia kulea, na kukunja si kuvunja. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikalitia jambo hilo mkazo. Waliochapwa na wakafaulu wapo, nami nimefurahi kwa ajili yao. Wale ambao hawakufaulu ndio ninaokaa nao kila Jumanne na Alhamisi.

Kazini, kiwewe cha utotoni mara chache huja kikilia. Huvaa nguo za tabia. Yupo anayefoka kwa jambo dogo kisha anaona aibu siku nzima. Yupo anayekaa kimya mkutanoni ingawa jibu analo, kwa sababu nyumbani kwao aliyefungua mdomo ndiye aliyepigwa. Yupo anayeacha kazi kila mwaka, mara tu bosi anapoanza kumzoea. Mwingine akisifiwa anaingiwa na wasiwasi, kwani utotoni sifa zilikuja kabla ya kudaiwa kitu. Na yupo yule ambaye kila kampuni inampenda: hafiki nyumbani kabla ya saa mbili usiku, hakatai zamu, hachukui likizo, hasemi hapana. Huyo ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Alijifunza mapema kwamba atapendwa akiwa na faida, na siku mwili utakapomkatalia atadhani thamani yake imekwisha.

Hata hivyo, si kila mchelewaji ana kiwewe, na wala si kila aliyeteswa utotoni huharibikiwa. Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, alionya mwaka 2020 kwamba hesabu ile ya utafiti wao, ya mambo magumu ya utotoni, haifai kutumiwa kumpima mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo mwajiri asitengeneze fomu ya kuwauliza wafanyakazi walipitia nini wakiwa watoto. Na mfanyakazi akikueleza kwa hiari yake, habari za afya yake ni data nyeti chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Hazipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la idara.

Sasa msimamizi afanye nini? Nikiitwa kuzungumza na mameneja, wengi hutarajia niwafundishe kuwa washauri. Siwafundishi hilo, na nawasihi wasijaribu. Kidonda kikifunuliwa na mtu asiye na muda wala ujuzi wa kukifunga, mwenye kidonda huenda nyumbani nacho wazi. Ninachowaomba ni kutabirika. Ratiba ya zamu itoke siku ileile kila wiki. Ukitaka kumwona mtu ofisini, mwambie ni kwa ajili gani. Ile "njoo unione saa nane" isiyo na maelezo humtafuna mtu wa namna hii tangu asubuhi. Kosa lirekebishwe faraghani, kwa sauti ya kawaida, likitajwa kosa lenyewe na si ukoo wa mtu. Mtu akiganda, mpe nafasi, mpe maji, rudi kwake baada ya dakika ishirini. Haya hayagharimu hata shilingi moja, na yanawafaa pia wale waliolelewa vizuri.

Upo upande mwingine unaonigusa zaidi, wa sisi tunaotunza wengine. Wengi waliingia uuguzi, ualimu, uchungaji na kazi yangu hii kwa sababu walianza kutunza wakiwa na miaka minane. Magharibi mwa Kenya, katika miaka UKIMWI ulipokuwa ukiua bila dawa, watoto wengi sana walimwogesha mama, wakampikia uji, wakamzika, kisha wakabaki kulea wadogo zao. Mtoto wa namna hiyo akija kuwa muuguzi anaijua kazi kabla ya kufundishwa. Lakini mweke usiku mmoja katika wodi ya watoto Kisumu, baba mlevi akifoka koridoni na mtoto akilia kitandani, kisha umtazame: mikono inachoma sindano barabara, uso hauna mtu. Asubuhi atasema yuko sawa. Baada ya miezi kadhaa ya usiku kama huo ataanza kuwajibu wagonjwa kwa ukali, na sisi tutasema wauguzi wa siku hizi hawana huruma.

Mtunzaji naye anahitaji kutunzwa kwa utaratibu maalumu: kikao cha kila mwezi na msimamizi wa kitaalamu ambaye si bosi wake, dakika kumi za kuzungumza baada ya kifo wodini, na ruhusa ya kubadilishana mgonjwa na mwenzake bila kuitwa mdhaifu. Mshauri nasaha asiye na mtu wa kumsikiliza ataishia kusikia hadithi yake mwenyewe ndani ya hadithi ya mteja.

Tiba ipo, na si ya watu wa Nairobi tu. Yapo matibabu ya mazungumzo yaliyopimwa, ambayo humsaidia mtu kulirudia tukio hatua kwa hatua mpaka liwe kumbukumbu na si hatari ya leo. Katika utafiti uliofanywa Bungoma na Moshi, matokeo yakichapishwa 2020, walishiriki watoto 640 waliofiwa na mzazi, na nusu yao walipewa matibabu hayo na watu wa kawaida wa maeneo yao waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Dalili za kiwewe zilipungua, na Bungoma nafuu ilionekana mjini na vijijini. Mtu mzima anaweza kuanzia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa: ipo Nakuru, ipo Jaramogi Kisumu, ipo Moi Eldoret. Ukienda kwa mshauri wa binafsi, muulize kama amesajiliwa. Sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ipo tangu 2014. Simu ya 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Ikiwa anayeumizwa ni mtoto sasa hivi, piga 116.

Wengi hukawia kuja kwa kudhani wataambiwa waeleze kila kitu siku ya kwanza. Siku ya kwanza nitakuuliza unalalaje, unakula nini, na nani unaweza kumpigia simu usiku. Utachagua kiti. Wengi huchagua kinachotazama mlango, na mlango wenyewe tunaweza kuuacha wazi kidogo ukitaka. Lile lililotokea litangoja mpaka utakapokuwa tayari kulitaja, hata kama ni wiki ya tano.