Miguu Kuvimba Si Figo Kufa: Dhana Potofu Kuhusu Dawa za Presha

Mama mmoja wa Ujiji alivua kandambili mbele ya meza yangu, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba na kunionyesha kishimo kilichobaki. "Daktari, dawa zenu zimeshaniua figo." Alikuwa ameacha vidonge kwa siku tisa, na presha yake ilisoma 190/110.

Hapa Kigoma nimeyasikia maneno hayo hadi yamenichosha. Ukweli ni kwamba amlodipini, dawa ya presha, hutanua mishipa midogo inayopeleka damu zaidi kuliko ile inayoirudisha, hivyo maji huchujika na kutuama vifundoni, hasa jioni, wakati wa joto, na kwa anayemeza miligramu 10 badala ya 5. Figo hazihusiki. Uvimbe wa figo mara nyingi huanzia usoni, kuzunguka macho, mtu anapoamka asubuhi, na huthibitishwa kwa kupima mkojo na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), si kwa kidole gumba. Wapo wanaojinunulia frusemidi, dawa ya kukojoza, ili "wakojoe maji hayo", nayo huwasaidia kidogo sana, kwa kuwa tatizo si maji kuzidi mwilini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayeiogopa amlodipini humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti kila siku bila kuuliza mtu, ilhali hiyo ndiyo hupandisha presha na kudhuru figo, kama presha isiyodhibitiwa inavyoziharibu kimyakimya.

Kikohozi kikavu cha enalapili, dawa nyingine ya presha, kipo kweli, nacho hakitibiwi kwa antibayotiki. Dawa hubadilishwa, mara nyingi kwa losartani. Kuhusu nguvu za kiume, atenololi, nayo dawa ya presha, na baadhi ya dawa za kukojoza zinaweza kuzipunguza, lakini presha yenyewe huzipunguza pia, kwa hiyo mwanamume aniambie waziwazi nimbadilishie, asifiche vidonge chini ya godoro. Anayedai kwamba mwili "huzoea" dawa, kisha akakatisha atenololi ghafla, anauweka moyo wake hatarini.

Kreatinini ya yule mama ilikuwa ya kawaida. Nilimrudisha kwenye amlodipini, miligramu 5 badala ya 10, nikamwongezea losartani, nikamkataza diklofenaki na kumwandikia parasetamoli. Atarudi baada ya wiki mbili, na nimemwagiza aje na mfuko wake wote wa dawa, kwa sababu alipoitikia kuhusu ile diklofenaki alikuwa akitazama dirishani.