Kwa nini vyeti vya uraia vya Warundi wa 1972 vilikwama

Nafanya kazi ya sheria za wakimbizi, na kila nikitaja kwamba Tanzania iliwahi kukubali kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi zaidi ya 162,000 kwa mkupuo, wasikilizaji hushangaa kwamba jambo kubwa kiasi hicho lilipita bila ugomvi. Ugomvi ulikuwepo. Uliibuka kwenye ardhi, baada ya sheria kuwa imeshamaliza kazi yake.

Watu hawa, au wazazi wao, walivuka mpaka mwaka 1972 wakikimbia mauaji ambayo Warundi wenyewe huyaita Ikiza. Hatimaye wakawekwa katika makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, ambako leo ni Katavi. Huko walipewa mapori wakayafyeka, wakalima mahindi, muhogo, maharage na tumbaku, wakalipa kodi. Kufikia 1985 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikuwa imeshaikabidhi serikali makazi hayo, maana wenyewe walikuwa wanajilisha.

Pamoja na hayo, walibaki chini ya mkuu wa makazi na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtu wa Katumba akitaka kutoka, hata kama ni kupeleka maharage sokoni Mpanda, alitakiwa kwanza achukue kibali. Fikiria mtoto aliyezaliwa pale, akasoma pale, akaoa pale, na bado anaomba ruhusa ya kwenda mjini.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR zilikubaliana kuwapa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajinisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuuomba. Takriban asilimia 80 waliomba uraia. Maombi yakashughulikiwa, yakapitishwa. Kisheria, hapo kilichobaki ni kukabidhi vyeti tu.

Lakini kulikuwa na sharti. Makazi yavunjwe, na raia wapya watawanywe katika mikoa mingine ya nchi ndipo wapewe vyeti. Naielewa hoja ya serikali: haikutaka kuona maeneo matatu makubwa ya watu wa asili moja, na kuwatawanya kulirahisisha kuwauzia Watanzania wengine uamuzi wenyewe. Hata hivyo, naona hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wilaya zilizotakiwa kuwapokea zikauliza, na zilikuwa na haki ya kuuliza, ardhi itatoka wapi, na madarasa na zahanati vitajengwa kwa fedha za nani. Wenye kuhamishwa nao wakatazama nyumba za bati, miembe inayozaa na makaburi ya wazazi wao, wakagoma kimoyomoyo.

Matokeo yake, familia nzima nzima zilikaa miaka na barua ya kukubaliwa bila cheti. Uraia wa Burundi walishaukana, na kura ya 2010 ikawapita. Mpango wa kuwahamisha ukasimamishwa 2011. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, Rais Kikwete akiwa madarakani, na safari hii waliotaka kubaki walipo waliruhusiwa. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka mmoja mbele, na wapiga kura wapya wengi kiasi hicho si jambo dogo kwa chama chochote. Sisemi zaidi.

Wasomaji wengi huhitimisha kwamba Tanzania ina milango wazi. Taratibu. Miaka miwili kabla ya vyeti kutoka, Desemba 2012, serikali hiyo hiyo ilifunga kambi ya Mtabila, Kasulu, na Warundi waliokuwa wamekuja na vita vya miaka ya tisini wakarudishwa kwao. Burundi ilipochafuka Aprili 2015, baadhi yao walirudi tena Kigoma, wakaandikishwa upya katika kambi ya Nyarugusu. Januari 2017 Tanzania ikaacha kuwatambua Warundi wapya kwa pamoja. Kila mmoja akatakiwa kuthibitisha hofu yake mwenyewe mbele ya maofisa. Mwaka uliofuata ikajitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwajumuisha wakimbizi katika jamii, ikilalamika kwamba wafadhili waliahidi mengi na kuleta kidogo. Lawama hiyo, kwa kweli, haikuwa ya uongo.