Uzamili wa uhasibu: kabla hujaomba kumbukumbu namba ya kulipia ada

Kila dirisha la maombi linapofunguliwa, simu ya ofisi yetu huanza kulia kabla ya saa mbili asubuhi. Swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Mwalimu, nikimaliza masta ya uhasibu, kwenye CPA nitasamehewa mitihani mingapi?" Simlaumu anayeuliza. Ila ni kama msafiri wa Mbeya anayeulizia nauli kwenye basi la Mwanza: basi ni zuri, limefika kwa wakati, lakini haliendi anakokwenda.

CPA ni leseni ya kazi ya uhasibu na ukaguzi wa hesabu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilianzishwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Ukifaulu unahitaji pia uzoefu wa kazi ndipo usajiliwe, na ukitaka kusaini ripoti ya ukaguzi ya kampuni ya mtu ni lazima uwe na kibali cha kufanya kazi hiyo kwa umma. Masta haimpi mtu kalamu hiyo, hata ikiwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 5.0. Kama unachotaka ni kufaulu CPA na shahada yako ya kwanza haikuwa ya uhasibu, iko stashahada ya uzamili ya uhasibu, kozi ya mwaka mmoja inayotolewa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ni nafuu zaidi, na imetengenezwa kwa ajili yako. Nimewaelekeza huko watu wengi waliokuja kwetu na fomu ya masta mkononi, na sijutii, ingawa mhasibu wa chuo hanishukuru.

Masta inafanya kazi nyingine, na naona ni rahisi kuieleza kwa hesabu kuliko kwa maneno.

Chukua kampuni ya kusambaza vipodozi iliyopanga ghala Kariakoo kwa miaka mitano, pango shilingi milioni 12 kwa mwaka, likilipwa mwisho wa kila mwaka. (Najua. Mwenye nyumba gani wa Kariakoo anasubiri mwisho wa mwaka? Tuvumiliane.) Tuseme pia kampuni inatumia viwango kamili vya IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha, si vile vya kampuni ndogo na za kati. Zamani mhasibu aliandika gharama ya pango milioni 12 kila mwaka, biashara ikaisha, mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, haikuguswa. Tangu 1 Januari 2019, IFRS 16 inamtaka mpangaji aandike kwenye mizania haki ya kutumia ghala upande wa mali, na deni la pango upande wa madeni. Kwa riba ya asilimia 15, malipo hayo matano, ukiyapunguza kwa riba ya kusubiri, yana thamani ya leo ya shilingi milioni 40.2. Mwaka wa kwanza riba inakula milioni 6.0 na uchakavu wa haki ile milioni 8.0, kwa hiyo gharama inafika karibu milioni 14.1. Mwaka wa tano inashuka hadi 9.6. Ukijumlisha miaka yote unarudi kwenye milioni 60 zile zile, na fedha iliyotoka benki haijabadilika hata senti moja.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akifika hapo ameshamaliza, anachukua alama zake. Wa uzamili ndiyo kwanza anakaa. Kampuni ile ina mkopo, na mkataba wa mkopo unasema madeni yasizidi mara mbili ya mtaji. Jana ilikuwa ndani ya sharti. Leo imevuka bila kukopa shilingi. Je, meneja atakwenda kuzungumza na benki, au atavunja mkataba wa miaka mitano na kuchukua wa miezi 12, kwa kuwa IFRS 16 inaruhusu mkataba usiozidi miezi 12 ubaki nje ya mizania? Akifanya hivyo, amepunguza deni kwenye karatasi na kujiweka mahali ambapo mwenye ghala anaweza kumtoa mwakani. Na afisa mikopo, je, hakuwa akilijua pango lile siku zote? Hapo ndipo darasa letu linapochemka, kwa sababu nusu ya waliokaa mle ndani ni maafisa mikopo na nusu nyingine ni wahasibu wa kampuni, na kila mmoja ana hakika kuwa mwenzake anadanganya.

Maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa kubishana. Yanahitaji ushahidi, na uhasibu ulichelewa kulikubali hilo. Mwaka 1968 watafiti wawili Waaustralia waliokuwa wamesomea Chicago, Ray Ball na Philip Brown, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kampuni 261 za Marekani. Walitaka kujua kitu ambacho wahasibu walikuwa wakikichukulia hivi hivi: faida tunayoitangaza inamsaidia mwekezaji yeyote? Walikuta kwamba faida ina habari kweli, bei za hisa zinaelekea inakoelekea. Lakini sehemu kubwa ya habari hiyo, kwa makadirio yao asilimia 85 hadi 90, soko lilikuwa limeshaipata kwingine kabla ripoti ya mwaka haijatoka. Jarida moja kubwa la uhasibu lilikuwa limeikataa makala hiyo. Leo hakuna kozi ya utafiti wa uhasibu inayoiruka.

Sasa mwanafunzi wangu akishasoma hayo, anataka kwenda kufanya vile vile kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Namwachia ahesabu mwenyewe. Soko letu lilianza kuuza hisa Aprili 1998 na mpaka leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 30, baadhi yake zikiwa za Kenya zilizoorodheshwa pia kwetu, na nyingine hisa zake hukaa siku nyingi bila kununuliwa. Ukiondoa benki, ambazo zina taratibu zake, unabaki na kampuni za kuhesabu kwa vidole. Regresheni, hesabu ya kitakwimu ya kupima uhusiano wa vitu, itatoa namba, haishindwi. Shida ni kwamba namba hizo hazitamwambia mtu chochote.

Wakati huo huo tumekalia hazina. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za serikali kila mwaka, na ripoti yake hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha bungeni. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Zote hukaguliwa, zote hupewa hati, yaani maoni ya mkaguzi, na ripoti ziko wazi, nyingine kwa Kiswahili. Ni mara sita ya soko la hisa, mwaka baada ya mwaka, bure. Sielewi kwa nini wanafunzi wengi wanazipita.

Nimkumbuke mmoja, mhasibu wa halmashauri ya mkoani, ambaye alikuja na kichwa hiki cha tasnifu, andiko la utafiti la kumalizia kozi: "Mchango wa mifumo ya udhibiti wa ndani katika utendaji wa taasisi za umma nchini Tanzania." Jopo letu limekiona kichwa hicho mara nyingi kiasi kwamba mwenzangu alikimalizia kabla ya kijana kukisoma. Mpango wake ulikuwa kugawa madodoso 120 kwa wahasibu wenzake. Nikamwuliza, ukimpa mhasibu karatasi inayosema "Nafuata taratibu za fedha", nani atatia tiki kwenye "Sikubali kabisa"? Akacheka. Nikamwuliza tena, kazini kwako nini kinakuudhi? Hakufikiri hata kidogo: masurufu. Watu wanachukua fedha za safari na za mafunzo, hawarejeshi hesabu kwa wakati, mkaguzi anakuja, hoja inaandikwa, na aliyeandikwa ni yeye.

Tulikaa na hilo kama saa nzima. Ikajulikana kwamba fedha nyingi za miradi kwao huingia Mei na Juni, na mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Ofisi inakimbizana kutumia fedha isirudi, masurufu yanatoka kwa mafungu, na siku ya kufunga hesabu shughuli zenyewe bado ziko kijijini. Basi huenda kosa halianzii kwa anayekawia kurejesha. Swali lake likawa dogo na la kazi: je, halmashauri zinazopokea sehemu kubwa ya fedha zake robo ya nne ndizo zenye masurufu mengi yasiyorejeshwa mwisho wa mwaka? Hilo linapimika. Jibu likiwa ndiyo, barua za kumwonya mweka hazina hazitasaidia kitu mpaka mtiririko wa fedha ubadilike. Likiwa hapana, tunajua tumwangalie nani. Dodoso halikuhitajika, isipokuwa mahojiano machache ya kuelewa namba.

Kuhusu mambo ya kawaida sitachukua nafasi. Vyuo vingi huanza kupokea kwa GPA ya 2.7, madarasa ya jioni yapo, na kwa makaratasi kozi ni miezi 18 au miaka miwili. Kinachoirefusha ni tasnifu. Masomo ya darasani watu wazima wanayamudu. Kukaa peke yako na swali moja kwa miezi minane, ukiwa na kazi na watoto, ni jambo jingine. Hapo ndipo watu wa stesheneri wanapojitokeza na bei zao za kukuandikia. Tunawajua. Siku ya utetezi mtu anaulizwa kwa nini alitumia kipimo fulani, anaangalia dari. Na anayeota kufundisha chuo ajue mapema kwamba GPA ya shahada ya kwanza nayo hutazamwa. Ya uzamili, hata ikiwa nzuri namna gani, hailifuti deni lile.

Ukiwa bado unasita, nenda maktaba ya chuo unachokifikiria, wakikuruhusu, uombe tasnifu za uhasibu za miaka miwili iliyopita. Anza na sura ya nne, ya matokeo, uone kama mwandishi aligundua kitu ambacho hakukijua alipoanza. Ukikuta tatu mfululizo zina dodoso la maswali 25 na vichwa vinavyoanza na "Mchango wa", mtafute mratibu wa kozi, umwulize nani anafundisha mbinu za utafiti na kila msimamizi ana wanafunzi wangapi. Kama hana jibu siku hiyo, kumbukumbu namba ya malipo inaweza kusubiri.