Sheria ya ununuzi ya jimbo ni nini? Tenda za majimbo ya Marekani, na kwa nini bei ya chini peke yake haitoshi

Marekani ukisema "serikali" utaulizwa ipi. Anayeishi Minneapolis au Houston huligundua hilo siku anapotaka kuomba tenda ya kwanza. Serikali kuu ya Washington ina kitabu chake kinene cha manunuzi. Jimbo lina chake. Kaunti, jiji na hata bodi ya shule inaweza kuwa na chake, au ikafuata kile cha jimbo. Majimbo ni 50, na kila moja limejitungia sheria yake, kwa hiyo aliyezoea Arizona akihamia Virginia anaanza kusoma upya.

Sheria ya ununuzi ya jimbo ni masharti yanayomwongoza afisa anayetumia fedha za walipakodi: anunue kwa njia gani, amchague nani, aandike nini kwenye jalada, na aliyekosa tenda aende wapi kulalamika. Inagusa mambo matatu. Kuna bidhaa, kama magari ya polisi na chakula cha magereza. Kuna huduma, kama usafi, ulinzi na programu za kompyuta. Na kuna ujenzi. Kukodi nako kunahesabiwa kuwa ununuzi, jambo ambalo wengi hulisahau.

Pamoja na tofauti zote hizo, sheria za majimbo mengi zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1979 Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, kiliidhinisha sheria ya mfano ambayo jimbo lolote lingeweza kuichukua nzima au kukata kipande linachokitaka. Kentucky haikungoja hata ikamilike. Ilipitisha ya kwake mwaka 1978 kutokana na rasimu. Zikafuata Arizona, South Carolina, Hawaii na nyingine. Mfano huo ulirekebishwa mwaka 2000, na ndio nitakaoufuata hapa.

Si kila kitu kinatangazwa. Manunuzi madogo yana njia ya mkato: afisa anaomba bei kwa wafanyabiashara wachache, analinganisha, ananunua. Hawaii, kwa mfano, huita ununuzi mdogo ule ulio chini ya dola 100,000 kwa bidhaa na huduma, na chini ya dola 250,000 kwa ujenzi. Hapo ndipo ujanja wa kukata kazi vipande vipande unapojitokeza, ofisi ya ghorofa tano ikapakwa rangi kwa mikataba mitano. Sheria ya Hawaii inakataza hilo waziwazi.

Ukivuka kiwango hicho, njia ya kawaida ni zabuni iliyofungwa. Hapa ndipo watu wengi hukosea maana. Mtaani tunasema tenda hupewa mwenye bei ya chini. Sheria haisemi hivyo. Inasema hupewa mwenye bei ya chini ambaye zabuni yake imekidhi masharti, na ambaye mwenyewe ana sifa za kuifanya kazi. Mwenye bei ya chini hujulikana kwa kusoma namba tu. Masharti na sifa ndivyo vinavyoamua mengi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jimbo linataka paa jipya la shule ya ufundi. Tangazo linasema zabuni zitapokelewa hadi saa nane kamili mchana. Saa nane na dakika moja bahasha haipokelewi, hata kama aliyeileta anahema pale kaunta. Siku hizi mara nyingi ni tovuti inayojifunga yenyewe, nayo haina huruma kabisa. Bahasha zinafunguliwa hadharani, majina na bei vinasomwa. Juma dola 182,000. Smith dola 190,500. Garcia dola 214,000.

Juma anatabasamu. Lakini chini ya ukurasa wake wa bei ameandika kwa mkono: "Bei hii itabadilika kama bei ya mabati itapanda." Amekwisha. Jimbo liliomba bei moja isiyotikisika, yeye ameleta bei yenye mlango wa nyuma. Akiomba kuufuta mstari ule, ataambiwa wakati umepita. Ukali huu una sababu. Juma sasa ameshasikia bei za wenzake. Angeruhusiwa kurekebisha, angeweza kuangalia pengo, akaona amejipunja, akakataa kufuta mstari na kujitoa bila hasara. Au akaona kazi bado ina faida, akaufuta. Wenzake hawana nafasi hiyo. Ndiyo maana kukidhi masharti kunapimwa kwa karatasi kama zilivyokuwa dakika ya kufunguliwa.

Smith naye karatasi zake hazina doa. Ila mwaka uliopita alikimbia kazi mbili nusu njia, na benki yake haimtambui tena. Huyu zabuni yake ni nzuri, mwenye zabuni ndiye hafai. Kwa swali hili la sifa, tofauti na lile la kwanza, jimbo linaweza kuomba maelezo zaidi hata baada ya bahasha kufunguliwa: hesabu za kampuni, vibali, wateja wa zamani. Smith akileta ushahidi mzuri anaweza kuokoka. Asipoleta, Garcia anachukua kazi kwa dola 214,000, na gazeti la mtaani litaandika kwamba jimbo limetupa dola 32,000. Kichwa cha habari hicho huuza, ila kimesoma namba tu.

Kuna kazi ambazo bei haiwezi kuongoza. Ukitaka mfumo wa kompyuta wa leseni za udereva, hujui hasa unataka nini mpaka uone wanaoujua wanasema nini. Hapo jimbo huomba mapendekezo badala ya zabuni. Hayasomwi hadharani, jimbo linaweza kujadiliana na waombaji, na vigezo vya kupima lazima viwe vimetajwa mapema kwenye tangazo, pamoja na uzito wake kwa kulinganisha. Kigezo ambacho hakikutangazwa hakitumiki. Mwombaji mwenye akili husoma ukurasa wa vigezo kabla ya ukurasa mwingine wowote.

Wahandisi na wasanifu majengo wana chumba chao peke yao, na chumba hicho kina historia ya Maryland ndani yake. Spiro Agnew alikuwa mkuu wa kaunti ya Baltimore, kisha gavana wa Maryland kuanzia 1967, kisha makamu wa rais wa Marekani. Waendesha mashtaka walieleza kwamba wahandisi washauri walikuwa wakimpa fedha ili wapate kazi za serikali. Kazi zile hazikushindanishwa. Aliyependwa ndiye aliyeitwa. Tarehe 10 Oktoba 1973 Agnew alijiuzulu na kukubali kuadhibiwa kwa kosa la kukwepa kodi bila kupinga shtaka. Mwaka 1983, baada ya kesi ya madai, aliilipa Maryland dola 268,482.

Ungetegemea dawa iwe kuwashindanisha wahandisi kwa bei. Majimbo mengi hayakufanya hivyo. Yalifuata njia ambayo serikali kuu ilikuwa imeiwekea sheria mwaka 1972: wahandisi hupangwa kwa sifa na uzoefu, kisha jimbo hujadiliana bei na wa kwanza, na wasipoelewana huenda kwa wa pili. Mimi naiona hoja yake. Mchoro wa bei rahisi huokoa elfu kwenye karatasi na kula milioni kwenye zege. Kinachozuia Agnew mwingine hapa ni orodha iliyoandikwa na sababu zilizoandikwa.

Ujenzi wenyewe una ulinzi wa ziada, yaani dhamana. Mkandarasi huleta dhamana ya zabuni ili asikimbie akishinda, dhamana ya utekelezaji ili kazi imalizwe, na dhamana ya malipo kwa ajili ya mafundi na wauza vifaa walio chini yake. Hii ya tatu huwashangaza wageni. Kwa nyumba ya mtu binafsi, fundi asiyelipwa anaweza kuweka zuio la kisheria juu ya nyumba yenyewe. Kwa jengo la serikali hawezi; hakuna mahakama itakayomruhusu kuuza ofisi ya gavana kwa deni la vigae. Dhamana ya malipo inakaa mahali pa zuio hilo. Serikali kuu ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1935, na majimbo yakaiga.

Sheria ya mfano inakataza pia mkataba wa kulipa gharama zote na juu yake asilimia ya gharama hizo. Yeyote aliyejenga nyumbani akiwa ughaibuni anauelewa mkataba huu bila mwalimu. Fundi anayepata asilimia kumi ya kila alichonunua hatatafuta saruji ya bei nafuu.

Je, jimbo linaweza kuwapendelea watu wake? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya South Dakota, jimbo lililokuwa na kiwanda chake cha saruji. Saruji ilipoadimika liliwauzia wakazi wake kwanza, na kampuni ya Wyoming ikashtaki. South Dakota ilishinda, kwa hoja kwamba jimbo linapoingia sokoni kama mfanyabiashara lina uhuru wa kuchagua wa kufanya naye biashara. Majimbo mengine hulipiza: ukitoka jimbo linalowapa watu wake upendeleo wa asilimia 5, zabuni yako ya dola 100,000 huku itapimwa kana kwamba ni 105,000.

Upendeleo wa rangi ni habari nyingine. Jiji la Richmond, Virginia, liliwataka wakandarasi wakuu watoe asilimia 30 ya thamani ya mkataba kwa kampuni za watu wa jamii za wachache. Mwaka 1989 Mahakama Kuu iliufuta mpango huo kwa kukosa ushahidi wa ubaguzi katika ujenzi wa jiji lenyewe. Msomaji wa Kenya, aliyezoea asilimia 30 za vijana, wanawake na wenye ulemavu kuwa ndani ya sheria, atashangaa. Kule kila mpango wa aina hiyo hubeba ushahidi wake au hufia mahakamani.

Dharura ina mlango wake pia. Machi 2020, wakati barakoa zilipokuwa adimu kuliko dhahabu, afisa wa Illinois aliendesha gari hadi maegesho ya mgahawa wa McDonald's kando ya barabara kuu, akamkabidhi dalali hundi ya zaidi ya dola milioni 3.4 kwa ajili ya barakoa milioni 1.5. Gavana alikuwa ameshatangaza janga na masharti ya ununuzi yamelegezwa. Kwa kawaida, hata katika dharura, sheria ya mfano inadai ushindani kadiri inavyowezekana, na sababu za kumchagua huyu na si yule ziandikwe na kuwekwa kwenye jalada.

Na jalada hilo ndilo silaha ya aliyekosa. Mkataba ukishatolewa, karatasi nyingi huwa wazi kwa umma: nani alileta bei gani, nani alipewa alama ngapi. Ukiona umeonewa, unaandika malalamiko kwa mkuu wa ununuzi, na kazi husimama hadi uamuzi utoke, isipokuwa aandike kwamba kuchelewa kutaliumiza jimbo. Sheria ya mfano inakupa siku 14 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua. Hawaii ni siku 5 za kazi, kwa hiyo anayengoja kikao cha wikendi na jamaa kabla ya kuandika barua huenda akakuta mlango umefungwa kama ule wa saa nane na dakika moja.