Kwa nini spana mbovu huila nati ya baiskeli?

Umeweka spana kwenye nati, umevuta, imeteleza. Umerudia kwa nguvu zaidi, na sasa zile pembe sita zinaelekea kuwa duara. Wengi hulaumu kutu, au fundi aliyekaza kupita kiasi. Kutu ipo kweli, lakini mara nyingi sana mkosaji ni kifaa ulichoshika mkononi.

Chukua alenki ya milimita 5, yaani kile kifimbo cha pembe sita kilichopindwa, kinachoingia ndani ya kichwa cha bolti, ile inayofungua bolti nyingi za baiskeli za kisasa. Tuseme mkono wake una sentimita 10, nawe unausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10. Ndani ya bolti, kutoka katikati hadi pembeni hapafiki hata milimita 3. Nguvu yako basi inaongezeka zaidi ya mara 30, na pembe zinabeba mzigo unaokaribia kilo 350. Alenki iliyochongwa kwa kipimo sahihi huugawa mzigo huo kwa pembe zote sita, kila moja ikapata kama kilo 60. Iliyopwaya huzunguka kidogo kwanza, kisha huegemea pembe mbili tatu tu, tena kwenye ncha kabisa. Hapo lazima chuma kilike.

Jambo la pili ni ugumu. Taya za spana ya chuma laini hufunguka unapovuta, yaani kifaa kinalegea wakati huohuo unaotaka kibane. Spana nzuri huwa za chuma kilichochanganywa na kromi na vanadi, kisha kikapitishwa kwenye moto ili kiwe kigumu. Usitosheke na alama ya Cr-V: bila kuchomwa vizuri, mchanganyiko huo hausaidii sana. Na ule mng'ao wa juu ni kinga ya kutu tu.

Spana malaya ina shida yake. Taya moja inatembea, kwa hiyo daima kuna mchezo kidogo. Kwa nati kubwa haina neno. Kwa nati ndogo za breki, iache.

Kwenye spoki ndiko ninakosisitiza zaidi watu wasifanye mchezo. Nati zake ni ndogo, aghalabu za shaba au alumini, na ukubwa wake hutofautiana kwa kiasi ambacho jicho halioni: kuna za milimita 3.23 na za 3.45. Spana ya 3.45 huingia kwenye nati ya 3.23 bila kukataa, inazunguka, kisha inazila pembe moja baada ya nyingine. Ile spana ya duara yenye matundu mengi inakurahisishia kosa hilo. Afadhali ununue ya kipimo kimoja, kile cha nati zako.

Koni za ekseli, zile zinazobana gololi katikati ya gurudumu, zinahitaji spana nyembamba ya milimita 2 hivi, kwani ya kawaida haiingii. Pedali nyingi hutaka spana ya kipimo cha milimita 15 yenye mkono mrefu, na ukumbuke pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na ilivyozoeleka.

Ukienda kununua, beba bolti yako. Tumbukiza alenki, itikise kushoto na kulia. Isicheze ila kidogo sana. Tazama ncha kwa karibu: iwe imekatwa wima, pembe kali, bila mabaki ya chuma yaliyochomoza. Alenki tatu nzuri, za 4, 5 na 6, zitakufaa kuliko sanduku la vipande hamsini vya kubahatisha. Pesa ukitaka kubana, bana kwenye vitolea tairi: vya plastiki vya bei nafuu vinatosha kabisa, tena ni rahisi kutoboa tyubu kwa vya chuma vyenye kingo kali.

Alenki nzuri ikichakaa ncha usiitupe. Saga milimita chache za mwisho, ukiichovya kwenye maji kila mara ili joto lisiondoe ugumu wake, na utakuta pembe kali tena.